Ya Kwangu Usiihesabu

Gesima, 4 Mei 2025

Kwako dada Farhiya,

Usishtuke kuona barua. Simu yangu iko mfukoni mwa koti la shemeji yangu Gibson, na amesema nitaipata siku nitakayorudisha heshima niliyomvunjia. Anayekuletea barua hii ni Persis, yule mama wa ukoo wetu anayeuza ndizi hapo sokoni Kisii. Jibu umpe yeye mwenyewe, tena usimuulize habari zetu mbele ya watu.

Unajua mwakilishi wetu wa wadi alifariki, na uchaguzi mdogo ni mwezi ujao. Ukoo wetu umemsimamisha Alfayo, mtoto wa hapa hapa. Wiki iliyopita tuliitwa mkutano nyumbani kwa Gibson. Nyumba zikatajwa moja moja, mwenye nyumba akainua mkono, na wazee wakaapa kwamba kura za nyumba hiyo hazitatoka nje ya ukoo. Ishmael wangu hakwenda. Unajua figo zake. Siku hizi hata kufika chooni ni safari. Ilipofika zamu yetu, Gibson akainua mkono wake mwenyewe: "Nyumba ya ndugu yangu Ishmael, kura mbili."

Nikasimama. Sikupanga, Farhiya. Nilijikuta tu nimesimama. Nikasema, "Ya Ishmael muulizeni Ishmael. Ya kwangu usiihesabu. Mimi bado niko hai."

Kwanza walicheka. Gibson akauliza, "Kwani wewe unampigia nani?" Nikamwambia, "Serikali inaiita kura ya siri, shemeji." Kicheko kikakatika. Mtu akapiga kelele kwamba ninawarekodi, na simu ikaondoka mkononi mwangu.

Sasa tumenyamaziwa. Hakuna wa kutusalimia, hakuna wa kutuuzia maziwa. Vibarua wa kuchuma chai wamekataa kuja, na majani yanakomaa shambani. Nikifika kituo cha majani na kikapu changu, wanawake wanaondoka kwenye foleni na kuniachia uwanja mtupu. Hayo yote ningeyavumilia. Lakini Ishmael anatakiwa hospitalini Kisii kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Jumanne nilipata dereva asiyetujua. Ijumaa vijana walimsimamisha barabarani wakamnong'oneza, akageuza gari tukiwa ndani, akatushusha getini kwetu na kuturudishia nauli.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilikuwa nimpigie Alfayo. Hata leo naona ni afadhali kuliko wenzake.

Ni mimi,
Drusilla

*

Kisii mjini, 7 Mei 2025

Abaayo Drusilla, dada yangu,

Assalamu alaikum, na pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa nyuma ya marobota ya mapazia ili mume wangu Dahir asinione machozi.

Halafu nimekasirika. Nimekasirika nawe! Kama ungempigia Alfayo, basi sema unampigia Alfayo. Si uongo. Hukosi kitu. Watakurudishia simu, Ishmael atapelekwa hospitali, na maisha yaendelee. Mtu anakufa kwa jambo analopinga. Wewe unataka kufa kwa jambo unalokubali? Tangu tulipokuwa bweni moja nakujua: ukiambiwa "kula" unaacha chakula unachokipenda.

Nisikilize mimi Msomali niliyezaliwa mjini humu na bado naulizwa kwetu ni wapi. Baba yangu Abdirahim alitufundisha mapema: uchaguzi ukikaribia, anayekuuliza uko upande gani mwambie uko upande wake, kisha funga duka uende nyumbani. Maneno ni kama vitambaa vyangu. Mteja anataka kijani, namkatia kijani. Nyumbani kwangu nimetundika rangi ninayoitaka mimi. Hata dini yetu inasema aliyelazimishwa kwa ulimi hana dhambi, maadamu moyo wake umetulia.

Moyo wako ni wako. Wape ulimi, wakuachie mume.

Nimempa Persis sukari, maziwa ya unga na shuka mbili. Ningekuja mwenyewe, ila mama mkwe ameshikwa na presha na hawezi kuachwa peke yake.

Farhiya wako

*

Gesima, 15 Mei 2025

Dada Farhiya,

Asante kwa vitu. Mwambie mama mkwe wako namwombea.

Maneno yako nimeyatafuna wiki nzima. Ni kweli si uongo. Ni kweli sikosi kitu ukikihesabu kwa vidole. Lakini fikiria hivi. Mimi niliolewa hapa nikiwa mke wa Ishmael. Kanisani ni mke wa Ishmael, kituo cha majani ni mke wa Ishmael, na kwa kuwa sikuzaa, hata jina la mtoto la kuitwa sina. Sijalalamika. Lakini kila uchaguzi naingia kwenye kile kibanda cha kupigia kura, na serikali yenyewe inasema pale pasiingie mume, wala shemeji, wala mchungaji. Pale tu ndipo ninaposimama nikiwa Drusilla. Unaniambia niwape ulimi nibaki na moyo. Sisi wote tukitoa ndimi zetu, Farhiya, nani atajua huo moyo ulikuwa wapi? Hata Alfayo akishinda hatajua kama kuna mtu aliyemtaka.

Nilimwambia hayo yeye mwenyewe. Alikuja jana jioni, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgonjwa anayengoja sindano.

"Mama, mimi sikuomba mfanyiwe haya. Siyapendi."

"Basi yakomeshe."

"Mkutano ndio ulioamua, mama."

"Mkutano ni nani, Alfayo? Nitajie mtu mmoja niende nikaongee naye."

Alipoondoka aliacha mkate mezani, akaniomba nisiseme ni yeye aliyeuleta.

Ishmael amevimba uso na miguu. Amekosa kusafishwa mara nne mfululizo. Gibson anakuja kila asubuhi, anasimama dirishani, analia kabisa. Anasema, "Ni wewe unayemuua ndugu yangu. Gari liko kwangu, lina mafuta. Neno moja tu, shemeji." Na Ishmael kitandani ananiambia, "Sema tu, Drusi. Ni neno." Huyu ndiye Ishmael aliyewaambia wazee hao hao, waliposhinikiza aoe mke wa pili wa kumzalia, kwamba nyumba yake ni moja. Nikimkumbusha hilo anafumba macho.

Nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba. Dahir ana gari la mizigo. Jumanne ijayo, tarehe ishirini, alilete mpaka getini kwangu. Vijana hawawezi kuwazuia watu wa mjini. Nikipata gari langu, sitalazimika kuchagua.

Drusilla

*

Kisii mjini, 17 Mei 2025

Abaayo,

Wallahi sina habari njema. Gari la Dahir limeharibika. Ni gia. Fundi amelifungua lote na vipuri vinatoka Nairobi, sijui ni lini. Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia.

Drusilla, nakusihi kwa jina la Mungu tunayemwomba sote. Sema hilo neno. Uhuru gani huu unaolala kitandani umevimba miguu? Mtu huru ni mtu aliye hai. Baada ya uchaguzi nitakuja, tutakaa siku nzima, utanifundisha hayo mambo ya kibanda na mimi nitakusikiliza. Sasa hivi okoa mume.

Nimempa Persis pesa kidogo za teksi. Tafuteni gari Keroka.

Farhiya

*

Gesima, 25 Mei 2025

Farhiya,

Ishmael alifariki Alhamisi, tarehe ishirini na mbili, mchana, mvua ikinyesha.

Teksi ya Keroka ilikuja siku ya Jumanne. Ilipofika njia panda, vijana wakaizunguka, ikarudi. Nilijaribu kumbeba mgongoni hadi barabara ya lami. Nilifika kwenye mti wa kwanza wa uzio wetu, basi.

Siku yake ya mwisho hakuniomba tena. Alinitazama tu. Sijui kama alikuwa amenielewa au alikuwa amenichoka. Nitakufa bila kujua.

Gibson alileta gari lake ndani ya saa moja. Mtu aliyekosa gari akiwa hai alipata gari alipokufa, tena wakamfunika blanketi jipya. Amemlipia mochari. Kisha akarudi na wazee wakasimama sebuleni kwangu, kofia mkononi, wakaniambia masharti. Hakuna kijana wa ukoo atakayeshika jembe kumchimbia Ishmael kaburi mpaka niseme mbele ya watu wote kwamba kura yangu ni ya ukoo. Mchungaji naye anasema hawezi kuendesha ibada ya maziko pasipo na kaburi. Nimeanza kuchimba mwenyewe. Udongo wa huku ni mzito wakati wa mvua. Nikitoa, unateremka. Bitutu, mke wa jirani, ananitazama kutoka kwao huku amejifunika mdomo na leso.

Na wewe nikuambie. Persis aliliona gari la Dahir siku ya Jumanne ile. Lilikuwa mbele ya duka lenu, likipakia mablanketi. Hakuniambia kwa ubaya. Alidhani limeshapona, akafurahi kwa niaba yangu.

Sikulaumu. Nimetafuta lawama nikakosa nguvu ya kuibeba. Lakini ungeniambia ukweli, ningemsemea Ishmael lile neno Jumatatu. Nilikuwa tayari. Nililala nikilifanyia mazoezi. Asubuhi nikasema moyoni, acha, huenda fundi amemaliza, Farhiya hatanitupa.

Drusilla

*

Kisii mjini, 29 Mei 2025

Drusilla,

Sitajitetea. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Mapema mwezi huu wanaume wawili waliingia dukani. Wapole, wamevaa suti. Wakapapasa shuka, wakauliza bei, kisha mmoja akamwambia Dahir, "Tumesikia mna marafiki Gesima. Wageni wema hawaingilii mambo ya nyumba ya watu." Wageni, abaayo. Mimi nimezaliwa hospitali ya mjini hapa. Mwenye jengo letu ni rafiki yao. Dahir akaniambia, "Hatuendi," na mimi nikanyamaza. Mama mkwe hakuwa mgonjwa. Gia haikuharibika. Kila nilipokuandikia uokoe mume, nilikuwa naokoa duka.

Na ile hekima yangu ya kuuza maneno kwa rangi anayoitaka mteja, sasa nimeiona bei yake. Nimetoa ulimi miaka yote nikisema moyo nimebaki nao. Ulipouhitaji huo moyo, nikautafuta, sikuukuta.

Jana nilimwambia Dahir mbele ya watoto: nitaenda, uniletee gari au nipande matatu. Akaondoka, akarudi na majembe na sepetu. Abdimajid, kaka yake, atakuja pia, na wanaume wawili wa msikitini wanaojua kuchimba kaburi vizuri kuliko watu wa kwenu, maana sisi hatulazi maiti.

Kesho Ijumaa tutafika. Usiseme, Drusilla. Umeshalipa yote, usiwape tena na neno. Ishmael tutamzika sisi.

Nampa Persis barua hii sasa hivi, anakimbilia gari.

Farhiya

*

Gesima, 29 Mei 2025

Farhiya,

Nimesema.

Mochari walipiga simu kwa Gibson, maiti ichukuliwe kesho, wana msongamano. Kesho jua likitua ni Sabato, na Sabato hatuziki. Shimo langu lilikuwa limefika magotini, na alfajiri nililikuta limejaa maji. Nilikaa kwenye ukingo wake nikafikiria Ishmael akikaa kwenye friji ya watu kwa ajili ya kinywa changu, nikainuka nikaenda kwa Gibson na matope yangu hivyo hivyo.

Walikusanyika upesi. Nikasema, "Kura yangu ni ya ukoo." Gibson akasema, "Kwa sauti, mama." Nikarudia.

Hata sikumaliza. Vijana walikuwa wameshashika majembe. Walikimbia, Farhiya, walikimbia kwenda kumchimbia, wakiimba wimbo aliokuwa akiupenda kanisani. Wanawake walinishika wakanivua viatu, wakaniosha miguu. Bitutu alilia kuliko mimi. Gibson akaniwekea simu kiganjani, imechajiwa. Hakuna aliyenicheka. Ningependa wangekuwa wakatili. Walikuwa wamenimiss kweli, na mimi nilikaa katikati yao nikisikia joto la mikono yao, na nikaona ni jambo tamu. Hilo ndilo linalonitisha. Usiniulize zaidi.

Simu ninayo, lakini haya siwezi kukuambia kwa mdomo. Tunamzika kesho asubuhi. Usihangaike kuja.

D.

*

Kisii mjini, 1 Juni 2025

Abaayo yangu,

Barua zetu zimepishana njiani, na Persis alikuwa amekwama Keroka na ndizi zake. Tulifika saa sita, kaburi limeshafunikwa, maua yako juu.

Gibson alitupokea vizuri. Alitupa viti na soda, akayatazama majembe yetu, akauliza kwa upole tulikuwa tukienda kulima wapi. Dahir akamjibu, "Tulikuja kumzika ndugu."

Niligonga dirisha lako. Nilijua uko ndani, nilikusikia ukikohoa. Nilikuita kwa jina la shuleni. Nilisimama pale mpaka watoto wakaanza kunitazama. Kwa nini hukutoka? Ulinionea haya, au hukutaka kuniona? Kama hukutaka kuniona, una haki. Kama ni haya, Drusilla, kati yetu wawili si wewe unayepaswa kuona haya. Wewe ulishikilia mpaka walipokushika kwa maiti. Mimi niliachia nilipopapasiwa shuka.

Jana tumekuta kufuli ya pili kwenye mlango wa duka, si yetu. Mwenye jengo hapokei simu. Dahir anasema Mungu atafungua. Watoto wanauliza tutauza wapi. Simlaumu mtu. Nakuambia tu, kwa sababu nimeapa sitakuficha kitu tena.

Nipigie, simu unayo sasa. Au niandikie neno moja.

Farhiya

*

Nyamira, 9 Juni 2025

Dada Farhiya,

Simu sina. Nitakueleza. Barua hii naiandikia hapa Posta Nyamira, kwenye meza yao ya mbao, na nitaituma mwenyewe, mtu mwingine asiishike.

Sikutoka kwa sababu nilikuwa nimevaa leso waliyonifunga wao na kula chakula walichopika wao. Nilikusikia ukiniita. Nilitaka kuja, nikaona nikifungua mlango utaniuliza, "Mbona ulisema?", na nilikuwa sina jibu ila kwamba nilichoka. Sasa naona usingeuliza.

Jana tuliitwa mkutano tena. Nilipewa kiti cha mbele, kile chenye mgongo wa kuegemea. Nilidhani ni mambo ya shukrani za maziko. Gibson akasimama, akasema ukoo umepona, lakini ili kidonda kipone kabisa lazima mwiba utolewe. Akanigeukia.

"Mama, wale Waislamu wenye majembe hawakuota ndoto. Kuna mtu wa hapa aliyekuwa akipeleka habari mjini wakati wa kunyamaziwa. Nyumba hiyo iliuvunja uamuzi wa wote. Ututajie tu, tumalize."

Persis alikuwa amekaa mbele yangu, karibu na mlango, na watoto wake wawili. Alinitazama kama mtu anayeona mto umechukua daraja na yeye yuko katikati. Mume wake alikufa zamani, shamba lake ni kipande alichogawiwa na ukoo. Unajua wangemfanya nini.

Nikasema, "Mlitaka kura, nikawapa. Ilikuwa yangu, niliweza kuitoa. Jina la mtu si langu."

"Mama, usituanzie tena."

"Sitaji, Gibson."

"Basi utanyamaziwa upya."

"Ishmael ameshazikwa. Sasa mtanishika na nini?"

Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo alipojibu, "Shamba, shemeji. Huna mtoto."

Nilimwomba Mungu Persis asisimame kujitaja. Nilimwona akiwaweka watoto kando kama anayetaka kuinuka, nikaomba kwa nguvu zangu zote, asisimame, asisimame. Hakusimama. Niliitoa simu nikaiweka juu ya kile kiti cha mgongo, nikaondoka.

Sijui itakuwaje. Sheria inasema shamba la mume ni langu, lakini sheria iko Nyamira na mipaka yangu iko Gesima. Nimeulizia wakili hapa, wameniambia nirudi Jumatano. Chai imekuwa miti. Usiku nasikia mtu akitembea kando ya uzio, na sijui ni wa kunilinda au wa kunitisha. Naogopa, Farhiya. Nilipokataa mara ya kwanza sikuogopa, kwa kuwa sikujua. Sasa najua kila kitu wanachoweza kufanya, tena najua kwamba wakinikumbatia nitafurahi.

Uchaguzi ni Alhamisi. Nitaingia kwenye kile kibanda. Nikimpigia Alfayo, nitakuwa nimewatii. Nikimnyima, itakuwa hasira tu ndiyo iliyopiga. Walichonichukua ni hicho, siwezi tena kujua ninachokitaka mimi. Labda nitasimama tu mle ndani na karatasi mkononi mpaka karani aniite. Lakini nitaingia.

Persis usimpe barua tena, na ukimwona sokoni nunua ndizi uende zako. Ukitaka kunijibu, njoo mwenyewe. Usije jioni wala usipite njia ya mtoni. Njoo mchana, upitie njia panda wanapokaa vijana, uwasalimie, uingie kwa geti kubwa. Nitakuwa nimekaa nje.

Drusilla